Wifi Kaufusi Anajifunza Kuuliza

Wifi yangu Kaufusi alikuwa hajawahi kuomba kitu maishani mwake. Hakukuwa na haja. Kwetu Watonga, watu wa visiwa vya Pasifiki, dada ndiye mkubwa kwa kaka zake, hata kama kaka ana mvi na dada angali ananyonya, na kwa watoto wa kaka zake shangazi ni mkubwa kuliko baba na mama wakipandishwa pamoja kwenye mzani. Akiingia nyumbani kwako akasema, "Sufuria hii nzuri," wewe unamwaga mchuzi kwenye bakuli, unaisugua, unamfungia aende nayo. Siku naolewa na mdogo wake wa mwisho, mama aliniita pembeni akaninong'oneza, "Mwanangu, usinunue kitu chenye rangi anayoipenda wifi yako." Wifi anapenda rangi zote.

Hapa kwenye mji wetu wa zabibu, kando ya mto Murray huku Australia, yeye ndiye msimamizi wa akina mama ghalani, pale zabibu zinapopangwa kwenye makasha. Wenye shamba walimpa kipaza sauti. Alikirudisha kesho yake, akasema kinampunguzia sauti. Kiingereza chake ni cha ghalani: weka, inua, haraka, siyo hiyo. Amekitumia miaka yote na hajaona upungufu wake, maana ghalani hakuna aliyewahi kumjibu.

Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, lakini jiko lake ni langu. Nyumbani kwetu tunaishi mimi, mume wangu, mwanangu Toa ambaye bado anatambaa, shemeji yangu mkubwa Sateki, na binti yake Latai wa miaka kumi na mitano. Mama yake Latai yuko kisiwani, anamuuguza mama yake mzazi.

Sasa, Sateki na wifi wanapendana sana, na kwa sababu wanapendana hawakai chumba kimoja. Ndiyo heshima ya kaka na dada kwetu. Wataulizana habari za mvua na za kanisa, basi. Mambo ya mwili, ya mapenzi, ya maradhi ya aibu hayapiti kati yao. Hata ikitokea wamekutana mbele ya televisheni na mtu humo akambusu mwenzake, mmoja wao ataondoka kama moto umewaka. Kwa hiyo Sateki akiingia sebuleni, wifi anahamia jikoni. Mimi napita katikati na chai. Nasikia ya huku, nasikia ya kule, na hakuna anayeniuliza la kwangu. Mke wa mdogo wao ni nani hata aulizwe?

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba wote wawili walikuwa wakisherehekea jambo moja bila kujua.

Latai alikuwa mtoto wa mdomo. Alibishana na baba yake kuhusu urefu wa sketi, kuhusu urefu wa mahubiri, hata kuhusu kama samaki ana usingizi. Na mdomo huo ulikuwa na kazi, kwa sababu ndiye aliyekijua Kiingereza vizuri kuliko sisi sote. Mtu akienda benki, Latai. Akienda kwa daktari wa meno, Latai. Mjomba wake mmoja alimtoa darasani katikati ya mtihani akamtafsirie kwa fundi wa gari, akarudishwa shuleni ananuka mafuta. Darasani kwao wasichana wa Kizungu walimwita mtu wa visiwani, na kanisani kwetu vijana walimcheka kwamba Kitonga chake kina pua ya Kizungu.

Halafu akanyamaza. Hatukuweza kusema ni lini hasa, maana nyumba yenye makelele ikipoa, watu hushukuru kwanza.

"Dawa ni sala na subira," Sateki alikuwa akiwaambia wenzake wakinywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, kibarazani. "Binti yangu ametulia. Nikisema kaa, anakaa. Nikimuuliza atakula nini, anasema chochote. Anarudi shule anaingia chumbani, kimya. Nyie wenye mabinti wa kujibizana, njooni niwafundishe."

Jikoni nako wifi alikuwa na habari zake.

"Mama Toa, hebu tazama," aliniambia siku moja, akigeuza kichwa kushoto na kulia. Masikioni alikuwa amevaa vile visikilizio vikubwa vya waridi vya Latai, ambavyo mtoto yule alivichumia zabibu likizo nzima hadi akavinunua. "Nilisema tu vinapendeza. Neno moja! Akavivua, akaniwekea mkononi."

"Unasikiliza nini, wifi?"

"Sisikilizi kitu. Sijui vinawashwaje. Ila ghalani asubuhi kuna baridi ya masikio."

Wiki iliyofuata akaja na viatu vyeupe vya michezo vya Latai, visigino vyake vikining'inia nje kama mikate iliyozidi kikaango. Kisha likaja koti la timu ya netiboli. "Viatu sikuvisifia hata," alisema, na machozi ya fahari yalimlenga. "Amenifuata mwenyewe. Amesema, 'Chukua tu, shangazi, mimi sitavihitaji.' Huyo ndiye mtoto aliyelelewa! Kaka yangu amefanya kazi."

Nilikaa na maneno hayo, sitavihitaji, nikiwa naosha vyombo, na sikuyapenda. Jioni moja Latai alinisaidia kumwogesha Toa. Anampenda sana. Alikuwa akimmwagia maji mgongoni taratibu, akasema bila kunitazama, "Mama mdogo, Kiingereza utamfundisha wewe, eti? Usimngojee mtu mwingine."

"Kwani wewe unakwenda wapi?"

"Siendi popote," alisema, akacheka kicheko kidogo kisichofika machoni.

Nilimwendea wifi. Nilimwambia mtoto ana jambo, na vitu vile avirudishe. Wifi alinitazama kama nimemwambia airudishe mvua. "Mama Toa," alisema, "wivu si mzuri kwa anayenyonyesha."

Basi ikabidi nitumie akili ya mke wa mdogo wao. Jumapili ile, baada ya ibada, alikuwa anakuja mfanyakazi wa afya kutoka mji mkubwa, msichana wa Kitonga aitwaye Pelenaise, kuzungumza na wazazi wa wanafunzi. Wifi hapendi mikutano ambayo hasemi yeye. Nikamwambia nimesikia mke wa mchungaji atakaa kiti cha mbele kabisa, katikati. Wifi alifika kabla viti havijapangwa.

Ukumbi ulijaa, wanaume huku, wanawake kule, kila mtu amejifunga kiunoni mkeka wake wa heshima, vazi letu la kanisani. Wifi alikuwa mbele, katikati, na gauni jeusi la kanisani na vile visikilizio vya waridi shingoni kama shada.

Pelenaise alisimama. Hakuzunguka. "Wazazi wangu, nimekuja tuzungumze juu ya watoto wetu wa shule wanaofikiria kujitoa uhai."

Kisha viti vikaanza kulia sakafuni. Mjue, katika mji huu Watonga wote ni ndugu. Mtoto wa binamu ni kaka, mjukuu wa binamu ni kaka, na neno zito kama lile haliwezi kutua kwenye chumba chenye kaka na dada. Sateki alimwona dada yake, akainama, akatoka. Nyuma yake akatoka mwingine, na mwingine, hadi mchungaji mwenyewe, ambaye ni kaka wa nusu ya kwaya. Tukabaki wanawake na mzee mmoja aliyelala.

Pelenaise alivitazama viti vitupu. Halafu akaenda akafungua madirisha yote. Nje, wanaume walikuwa wameshakaa kwenye nyasi chini ya madirisha hayo hayo na beseni lao la kava, kila mmoja akitazama mbali kama anahesabu mawingu.

"Basi nitapaza sauti," alisema. "Walioko nje hawasikii, sivyo?"

"Hatusikii!" ikajibu sauti nje.

"Vizuri. Mtoto aliyekuwa na makelele akanyamaza ghafla, msikimbilie kusema amepata adabu. Muulizeni. Mtoto aliyekuwa akila na sasa hali, aliyekuwa na marafiki na sasa anajifungia, muulizeni."

Nilikuwa karibu na dirisha. Niliona kifuu cha kava kimesimama mkononi mwa Sateki, hakiendi mdomoni wala hakirudi kwenye beseni.

"Na mtoto anayegawa vitu anavyovipenda," Pelenaise aliendelea, "najua sisi tumelelewa kutoa. Najua tunafurahi. Lakini akitoa kimoja baada ya kingine na kusema hatavihitaji tena, jamani, huo si ukarimu wa kushangilia. Muulizeni."

Mkono wa wifi ulipanda polepole hadi shingoni. Ukakaa pale. Mimi ambaye nimemwona akimzomea hata ng'ombe dume sikuwahi kumwona na sura ile.

Bibi mmoja akanyoosha kidole. "Mwanangu, tukimuuliza si ndiyo tutamtia hilo wazo kichwani?"

"Hapana, bibi. Wazo kama limo, limo. Ukimuuliza unamfungulia mlango wa kutoka nalo. Kama halimo, atakushangaa tu, na utakuwa umemwonyesha kuwa kwako hata hilo linasemeka. Muulize waziwazi: je, unafikiria kufa?"

"Na akisema ndiyo?"

"Msimhubirie. Msimpige. Msimwambie anawaaibisha. Na msianze na chakula."

Wanawake wakatazamana. Sasa tutabaki na nini?

"Msikilizeni," alisema Pelenaise. "Msimwache peke yake. Na siku hiyo hiyo mumlete hospitali au mnipigie. Si kesho. Siku hiyo."

Baadaye chakula kilitolewa, majani ya jimbi yaliyofungwa na nyama na tui, na nguruwe mzima. Wifi alisema hana njaa. Meza nzima iliweka vijiko chini.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Toa mgongoni, yeye mbele. Latai alikuwa amebaki nyumbani na mume wangu, akisema ana kazi ya shule. Tulipofika kwenye mikalitusi wifi alisimama.

"Sikiliza nijaribu," alisema. Akajaza kifua. "Latai! Unataka kufa?"

Ndege wote waliruka kutoka mitini. Toa akaanza kulia.

"Wifi, hilo si swali. Hiyo ni amri."

"Nimeweka swali mwishoni!"

"Umemwita kama kasha limeanguka. Ataogopa, atasema lolote unalotaka kusikia. Kila siku tunamuuliza kama mzima, na kila siku anajibu ndiyo, shangazi."

Alijaribu tena kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya wifi ilinitisha zaidi. Ilikuwa kama trekta linalonyemelea. Alimtafuta mtu wa kujaribia. Mume wangu hawezekani, ni kaka yake. Mimi nilishasema sina mpango wa kufa, nina nepi kwenye kamba. Ndipo akamwona jirani yetu Neville, mzee wa Kizungu, akimwagilia mawaridi yake.

"Wifi, usi..."

Alikuwa ameshafika kwenye ua. Alisema kwa Kiingereza chake cha ghalani, "Neville. Wewe. Kufikiria kufa?"

Mzee yule aliganda. Maji yakamwagikia kiatu chake. Nikafikiri sasa ataita polisi. Badala yake alifunga bomba, akavua kofia, akasema taratibu ili tuelewe, "Leo, hapana. Mwaka ule aliofariki Joan, ndiyo. Hakuna aliyeniuliza." Wakasimama hivyo kwa muda, yeye akizungumza juu ya mke wake, na wifi akiitikia kwa kichwa bila kuelewa nusu yake. Mwishoni alimkatia waridi.

Wifi alirudi kwangu amelishika kama yai. "Mama Toa," alininong'oneza, "kumbe watu wanajibu!"

Mume wangu aliposikia sauti ya dada yake alitokea mlango wa nyuma, nasi tukamkuta Latai jikoni, ameketi kwenye kiti, kitabu kimefunguliwa mbele yake na yeye haangalii kitabu. Alipomwona shangazi yake akainuka kumpisha. Nilielekea sinki nikafungua maji ili nisionekane nasikiliza, nikayafunga ili nisikie.

"Kaa," wifi alisema. Akakumbuka. "Naomba ukae."

Latai alikaa, macho yamemtoka. Neno naomba lilikuwa halijawahi kutoka mdomoni mle.

Halafu wifi akafanya jambo ambalo hata sasa nikilisimulia watu hudhani nimetia chumvi. Kwetu mkubwa hukaa juu na mdogo hukaa chini, na kichwa cha mtoto hakipiti kichwa cha shangazi yake hata kwenye basi. Wifi alishika ukingo wa meza, akapiga goti moja, akapiga la pili, akajishusha na uzito wake wote hadi sakafuni, miguuni pa mtoto.

"Shangazi! Inuka!" Latai aliteleza kutoka kwenye kiti ili naye ashuke.

"Usishuke! Ukishuka na mimi nitalala chali, na humu hakuna wa kuniinua. Kaa juu." Akapumua. "Latai. Nimevaa vitu vyako nikijisifu mji mzima. Sikukuuliza. Sasa nakuuliza, na sitakasirika, na sitamwita mchungaji. Unafikiria kufa?"

Nilishika sinki kwa mikono miwili.

Latai alikifunga kitabu chake, akasema, "Ndiyo, shangazi." Na haikuwa ile ndiyo ya kila siku. "Siku nyingine. Siku nyingi."

Wifi alifungua mdomo. Niliona mahubiri yanakuja, niliona na sahani ya chakula inakuja nyuma yake. Akaufunga. Akamshika mtoto kifundo cha mguu, basi, akakishikilia.

Na Latai akaanza. Alisema halali vizuri. Alisema mama yake ameondoka na ni yeye anayemwambia kila siku kwenye simu kwamba sote tu wazima. Alisema amechoka kuwa mdomo wa watu wote, kwamba ndiye aliyemtafsiria bibi wa kanisani daktari aliposema hatapona, na yule bibi akamkasirikia yeye. Alisema shuleni yeye si mtu na kanisani yeye si Mtonga, na kwamba alikuwa ameanza kuona tungepumua vizuri bila yeye. Mengine hayakuwa na sababu, alisema. Ni uzito tu, unakuja.

"Tungepumua!" Wifi alijizuia kupiga kelele hadi mishipa ikasimama. "Mtoto wangu. Asante kwa kuniambia. Sasa hatukuachi, na leo hii tunakwenda hospitali. Mama Toa, mpigie yule msichana. Na mwambie kaka yangu alete gari."

Pelenaise alisema anawapigia hospitali watungoje. Sateki nilimkuta kibarazani. Alikuwa amerudi zamani na amesimama tu, funguo mkononi, macho mekundu. Ukuta wa jiko letu ni wa mbao.

"Shemeji, wifi anasema..."

"Nimesikia," alisema. Kisha kwa haraka, "Sikusikia. Twendeni."

Pale hospitali muuguzi alituingiza chumba kidogo. Alipoanza kuuliza, Latai, kwa mazoea, akamgeukia baba yake amtafsirie.

"Wewe nyamaza," wifi alisema kwa upole wa kutisha. "Leo wewe ndiye mgonjwa. Mgonjwa hatafsiri."

Wakapiga simu ya wakalimani. Akajibu mwanamume, Mtonga wa Sydney, na kabla ya kutafsiri neno lolote akauliza, kama tunavyouliza sote, mnatoka kijiji gani. Wifi akataja kijiji na jina la babu. Simu ikakohoa. "Samahani, dada," ikasema. Baba yake na baba yao akina wifi walikuwa binamu, kwa hiyo naye ni kaka. Aliomba radhi sana, akampisha mkalimani mwanamke, ambaye alichelewa kuja kwenye laini, na tulipokuwa tukingoja wifi akaamua kuanza kazi mwenyewe.

"Huyu," alimwambia muuguzi akimwonyesha Latai. "Mzuri sana. Usidondoshe. Polepole."

Muuguzi aliinamisha kichwa. "Polepole," alisema naye.

Mkalimani mwanamke alipopatikana, maswali yenyewe yakaja. Usingizi, chakula, mwili, hofu, mawazo yale yanakuja lini na yanasema nini. Ni mambo ambayo kaka na dada hawayasikii pamoja. Sateki aliinuka. Latai alimwona akiinuka, na uso wake ukashuka kama pazia. Sateki akafika mlangoni. Akasimama pale na mkono kwenye kitasa, jasho likimtoka. Kisha akarudi, akakinyanyua kiti chake, akakigeuza kikatazama ukuta, akakaa, mgongo kwetu.

"Endeleeni," aliuambia ukuta. "Mimi sipo. Ila mwambieni muuguzi kwamba usiku hali. Chakula chake anampa mbwa. Nilidhani ni huruma."

Wifi alitazama upande wa dirisha, kwa heshima. "Asante kwa asiyekuwepo," alisema.

Na Latai akacheka, kamasi na machozi vikachanganyika, muuguzi akampa karatasi.

Walipanga naye mambo: nani atakuwa naye, nini kiondolewe nyumbani, atazungumza na Pelenaise kila wiki, ampigie nani uzito ukija. Mama yake alipigiwa palepale, na Latai mwenyewe akamwambia ukweli. Sateki alitangaza kibarazani kwamba mwenye shida na fundi wa gari ajifunze Kiingereza au atembee. Si kwamba siku moja ilimaliza. Uzito bado unakuja, siku nyingine mbaya, na siku hizo anamwambia mmoja wetu.

Wifi alihamia chumbani kwa Latai usiku uleule na godoro lake, mito yake na feni yake. Hakuna aliyemwalika.

Wiki ya tatu Pelenaise alipokuja, walikaa uani, nami nilikuwa naanika nepi. Nikasikia akimuuliza Latai kama kuna jambo jipya linalomsumbua.

"Lipo," Latai alisema. "Shangazi anakoroma. Madirisha yanaitikia. Na akiacha kukoroma anaamka kuniuliza kama nimelala."

Pelenaise alicheka hadi akashika tumbo. "Unataka nizungumze naye arudi kwake?"

Latai aling'oa jani la nyasi, akalikatakata.

"Hapana," alisema. "Mwache kwanza."